Upande wa Pili wa Turubai

Turubai la lori halikunjwi na mtu mmoja. Unaweza kujaribu, na mimi nimejaribu, lakini utaishia kulisukumasukuma kama mtu anayemwamsha ng'ombe aliyekataa kuamka. Linataka watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake mbili, mnarudi nyuma mpaka likazike, mnalikung'uta vumbi, halafu mnatembea kuelekeana. Mnakutana katikati, uso kwa uso. Mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo, mnarudi nyuma tena. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, mtu wa upande wa pili alikuwa yeye, mwenzangu wa kibandani.

Tulikuwa na kibanda kando ya barabara ya malori hapa Tunduma, pale ambapo foleni ya kuvuka mpaka ikikolea madereva wanashuka na kusonga ugali chini ya tela. Tulinunua maturubai yaliyotumika, tukayatia viraka, tukayauza. Dereva aliyekwama kwenye foleni ni mteja mzuri, maana hana pa kwenda. Ni mteja mbaya vilevile, maana ana siku nzima ya kubishana na wewe, na ugali wake uko jikoni.

Kazi tuligawana bila kuketi kikao. Mimi nilikuwa mkali. Mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili: viraka mara mbili, vile vitundu vya chuma vya pembeni vya kupitishia kamba mara mbili. Watoto wangu nikitoka nao kanisani Krismasi nawahesabu mara mbili, na wako wawili tu. Mteja akitaja bei ya kitoto, nilimuuliza kama anataka turubai au leso. Akinuna na kuondoka, nilimwacha aondoke. Kuondoka ndiko kunakopima. Mtu anayetaka kitu kweli hatembei haraka.

Yeye kazi yake ilikuwa kuita. "Bamudala!" alikuwa akisema, yaani mzee kwa Kibemba, kwa sauti ya mtu aliyemwona shemeji yake stendi. "Rudi bwana, huyu mwenzangu hakunywa chai." Kibemba chake kilikuwa cha kuokoteza, Kinamwanga alikijua vizuri kwa sababu ya mkewe, aliyetoka ng'ambo ya mpaka, na Kinyiha ndicho alichozaliwa nacho, maana kwao ni huko juu Mbozi, ndani kidogo ukitokea Nanyala. Mteja aligeuka. Walikuwa wanageuka karibu wote.

Siku moja nilimuuliza anajuaje wakati wa kuita. Mimi nilidhani ana kipimo, labda anaangalia mabega ya mtu, labda anaangalia miguu. Nilitaka nijifunze.

"Sina kipimo," akasema. "Naona tu mtu anaondoka vibaya."

"Anaondoka vibaya ndiyo nini?"

"Anaondoka na hasira. Sasa hasira hiyo atalala nayo chini ya tela, na baridi hii."

Nilicheka sana. Nikamwambia akiendelea hivyo tutafungua kituo cha yatima.

Ujuzi wangu mimi ulikuwa kwenye kununua. Dereva akikuletea turubai lake la zamani, mkunjie uso. Akishusha bei palepale, kabla hujasema neno, usifurahi. Likunjue lote, mpaka pembe ya mwisho, kwa sababu mahali fulani liliungua. Anayejua mali yake ni nzima anakaa na bei yake hata ukimtukana. Hiyo ndiyo elimu niliyonayo na imenilisha.

Kila asubuhi, kabla ya kukunjua turubai la kwanza, aliomba. Tulikuwa tumeshashika pembe zetu, turubai liko kati yetu kama kitambaa cha meza ya watu wasio na meza, naye aliinamisha kichwa hapohapo kwenye vumbi. Hakuwa na haraka. Aliwaombea madereva, aliiombea barabara, aliwaombea hata watu wa forodha, jambo ambalo mimi niliona ni kumzidishia Mungu kazi. Mimi macho yangu yalikuwa wazi, naangalia lori gani limeingia usiku na turubai lililochanika. Akimaliza nilisema "Amina," nikavuta. Huo ndio ulikuwa mchango wangu katika dini. Amina zangu zilikuwa nyingi. Ombi, halikuwapo hata moja.

Na mtu huyu, kanisani kwao, alikuwa ametengwa. Mkewe aliwahi kuolewa ng'ambo kabla yake, mume akamwacha akapotelea migodini, hakufa wala hakurudi. Kanisa likasema ndoa ya pili haiwezekani, nao wakakaa bila ndoa, wakazaa. Basi hakuruhusiwa kwenye meza ya Bwana, hakuruhusiwa kushika nafasi yoyote, na alikuwa na benchi lake nyuma kabisa karibu na mlango. Karibu kila Jumapili alitoka Mpemba, hapo jirani na Tunduma alikopanga, akapanda kwao, akakaa kwenye benchi lile, akarudi.

"Unafuata nini kwa watu waliokufukuza?" nilimuuliza.

"Hawajanifukuza. Wamenikalisha nyuma. Nyuma kunasikika vilevile."

Ilikuwa kiangazi, upepo ule wa kutia mchanga kwenye meno. Alikuwa ameshaomba, nami nimeshasema amina yangu. Dereva mmoja alitaka kuliona lile la bluu, tukalishika, tukarudi nyuma. Nikahisi upande wangu umekuwa mzito ghafla, halafu ukawa mwepesi.

"Shika, wewe! Umelala?"

Nikavuta. Turubai likaja lote, bila ubishi, pembe zake zikiburuta chini. Dereva akacheka, nami nikacheka, maana alikuwa na mchezo huo, wa kuachia ghafla ili niyumbe mbele ya wateja. Turubai lilikuwa limejikunja kifuani pangu, limenifunika macho. Nilisimama nikisubiri kicheko chake kitoke upande wa pili. Badala yake akapiga kelele mama wa kamba, jirani yetu anayeuza kamba na mipira ya kufungia mizigo.

Tulimpakia kwenye bajaji, mama wa kamba ameshika kichwa, mimi miguu. Hospitali daktari alimpima, akavua vile vyombo vya masikioni, akasema kwa upole kwamba tumeleta marehemu.

"Pima tena," nikamwambia.

Alinitazama. Nadhani aliona mtu wa aina gani amesimama mbele yake. Akapima tena, taratibu, pande zote. Halafu akatikisa kichwa. Basi nikawa nimehesabu mara mbili, na jibu lilikuwa lilelile.

Walisema presha. Kwenye foleni ya malori walisema mengine, kama watu wanavyosema. Niliporudi kufunga kibanda, yule dereva alikuwa bado yupo, akaniuliza kwa aibu kama lile la bluu bado linauzwa. Simlaumu. Foleni ilikuwa imeanza kusogea.

Halikuuzwa. Tulimpandisha kwao kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na lile la bluu ndilo lililofunika jeneza njiani, kwa sababu ndilo pekee lisilokuwa na kiraka. Nililikagua mwenyewe. Kufika, vijana wa kwao wakalifunga uani kwa ajili ya waombolezaji, kamba moja kwenye paa la jiko, nyingine kwenye mparachichi. Nikakaa chini yake na wanaume wengine, kwenye moto, na baridi ya Mbozi inapanda kutoka kwenye mibuni, nikisikia linavyopiga kwa upepo. Sauti ile naijua kuliko sauti ya mke wangu.

Mama yake akaagiza niitwe ndani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, wanawake wamemzunguka. Mjane alikuwa ameegemea ukuta, kitenge kimefika hadi machoni.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mama." Sikuwa nimekula.

"Wamesema hawatapiga kengele."

Kengele ya kanisa lao ni rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mkaratusi, inapigwa kwa nondo. Mshirika akifa inapigwa, na bonde zima watu wanasimamisha majembe mpaka inyamaze. Mtu aliyetengwa hapigiwi. Anazikwa na ukoo na majirani, anaombewa na yeyote mwenye sauti, anafukiwa.

"Mama," nikasema, "Mungu si anajua alikuwa mtu gani?"

"Mungu anajua. Mimi nasema watu." Akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Asipopigiwa, watasema mwanangu alikufa kama kuku. Yeye aliniambia, mama, huko chini nina mwenzangu anaweza kubishana hata na jiwe, na jiwe likashusha. Nenda kanibishie."

"Shemeji," akasema mjane bila kuinua kichwa, "usiwabembeleze. Kama ubaya ni mimi, waambie nitakaa huku ndani. Sitafika kaburini. Wampigie tu."

Mama mkwe akamshika mkono, akamwambia kwa Kinyiha maneno ambayo sikuyaelewa, lakini niliyaelewa.

Nikaenda. Kwenye mambo yangu yote ya kubishana sijawahi kwenda na miguu mizito namna ile.

Viongozi wa kanisa walikuwa kwenye chumba cha nyuma kinachotunza magunia ya kahawa ya sadaka. Mchungaji alikuwa safarini, kwa hiyo walikuwapo mzee wa kanisa kiongozi, mtu mzima wa koti juu ya sweta, na mwinjilisti, ambaye alikuwa bado kijana na simu yake ilikuwa inamwita kila baada ya muda mfupi naye anaiziba kwa kiganja. Nikasalimia, nikapewa gunia nikalie.

"Wewe ndiye mwenzake wa Tunduma," mzee akasema. "Unasali wapi?"

"Krismasi, mzee."

"Nimeuliza wapi, sikuuliza lini."

"Popote itakaponikuta."

Mwinjilisti akainama kuficha mdomo. Mzee hakucheka, lakini aliniangalia kwa namna ambayo mteja anaangalia kibanda kabla hajaamua kama atasimama.

Nikaanza juu, kama ninavyoanza siku zote. Nikasema tunaomba ibada kamili, jeneza liingie kanisani, kwaya na majoho yao, mwinjilisti na joho lake, na kengele. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa utulivu: "Kutengwa ni kutengwa, mwanangu. Hata angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja."

Na hapo, nisiwafiche, moyo wangu ulitulia. Nilikuja kubishana, lakini lile jibu lilinipendeza. Lilikuwa jibu la mtu anayejua mali yake ni nzima. Nikajiambia, kumbe kipo kitu hapa. Kumbe yule bwana alikuwa anapanda huku kila Jumapili kukaa kwenye benchi la mlangoni kwa ajili ya kitu kisichoshuka.

Mwinjilisti akauliza kama kulikuwa na ushahidi wowote kwamba marehemu alitubu. Ingesaidia.

"Aliomba kila asubuhi. Mimi nipo."

"Aliomba nini?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Nilikumbuka kichwa chake kimeinama na vumbi kwenye nywele, nikakumbuka malori niliyokuwa nayaangalia wakati ule, rangi zake, yaliyochanika turubai. "Aliwaombea madereva," nikasema. "Barabara."

"Na yeye mwenyewe? Hakuomba msamaha?"

Nikamtafuta yeye mwenyewe ndani ya maombi yake, nisimwone. Labda hakujiombea kabisa. Labda alijiombea, mimi nikiwa kwenye malori. "Aliomba mengi," nikajibu, na wote watatu tulijua hilo si jibu.

Kwa hiyo nikarudi kwenye ninachokiweza.

"Sawa, mzee. Jeneza lisiingie kanisani. Lakini nyumbani, mwinjilisti anaweza kufika?"

"Anaweza kufika kama jirani."

"Jirani akifika, anaweza kuomba?"

"Nani atamkataza jirani kuomba?"

"Anaweza kushika kitabu?"

Mzee akasugua goti. "Kitabu ni chake."

"Na kwaya?"

"Kwaya hapana." Akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana kwenye kazi yetu kunyamaza nako ni kusema. "Waimbaji ni watu wa kijijini hapa," akasema mwishowe. "Wakija msibani kama watu, wakaimba, sitawaziba midomo."

"Na majoho yao?"

"Majoho hapana."

Nikayaacha majoho. Siku zote unaacha kitu mezani ili mwenzio aone naye ameshinda. Lakini kadiri vitu vilivyokuwa vinaanguka upande wangu, kimoja baada ya kingine, nilianza kuona baridi nyingine isiyo ya Mbozi. Ile ile inayonishika dereva anaposhusha bei kabla sijamaliza kukunja uso. Mkono unawasha, unataka kulikunjua turubai lote uone limeungulia wapi.

"Kengele," nikasema.

"Kengele hapana."

"Mzee, mama yake ni mshirika. Hajatengwa. Apigiwe yeye, kwa uchungu wake."

"Kengele hapigiwi aliye hai. Hapana, mwanangu. Hapo umefika mwisho."

Nikasimama. Nikamshukuru kwa mikono miwili, nikatoka, nikaanza kutembea kuelekea njia ya mibuni. Nilitembea kama wanavyotembea wateja wangu, polepole, mabega yamesema yamekasirika. Nimeona migongo mingi namna ile. Sikujua mtu mwenye mgongo wenyewe anajisikiaje. Nilitaka kengele, kwa ajili ya yule mama kwenye mkeka. Na kwa ajili yangu mwenyewe nilitaka mlango ule ukae kimya. Nilikuwa naomba, kama kule ni kuomba, kwamba waniache niende. Waniache niondoke vibaya. Wakiniacha, nitajua duniani kuna kitu kimoja ambacho mimi siwezi kukishusha, na yule bwana kalala mahali penye kitu hicho.

Nilipita mkaratusi. Nilipita rimu.

"Kijana!" mzee akaita. "Rudi. Rudi tuzungumze."

Walikubali ipigwe kwa muda mfupi. Nikasema asante. Mwinjilisti alinishika mkono kwa furaha kabisa, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikarudi msibani, nikamwambia mama, naye akainua mikono miwili juu akasema Mungu ni mwema, na wanawake wakapokea, na mjane akaanza kulia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nikatoka nje, nikakaa chini ya lile la bluu. Wanaume wakanipongeza. Mmoja akaniambia, wewe ndugu una mdomo.

Tukazika kesho yake. Rimu ikapigwa. Mlio wake ni uleule wa fundi wa matairi anapogonga rimu barabarani Tunduma, na mwili wangu, ambao haujui misiba, uligeuka kuangalia ni lori gani limepata pancha. Upande wa pili wa bonde watu walisimama kwenye mibuni, wadogo kama nukta, hawasogei. Mama aliwaona. Alimvuta mkwewe akasimama naye mbele kabisa, hakuna aliyewazuia.

Na pale kaburini, mwinjilisti akaweka simu mfukoni, akafungua mfuko wa plastiki aliokuja nao, akatoa joho, akalivaa. Joho hatukupatana. Sikuliomba hata tena. Sokoni, ukishamaliza kupatana, muuzaji akikuongezea kitu cha bure, tunaita nyongeza.

Watu walipotawanyika nilibaki na turubai. Nikalifungua kamba, likaanguka uani, nikasimama mbele yake. Sikuwa na wa kumwita. Vijana walikuwa wameenda kurudisha viti. Yule mzee wa kanisa akaja kutoka upande wa jiko, akatazama, akainama, akashika pembe mbili za upande wa pili.

Tukarudi nyuma. Tukakung'uta. Tukaanza kutembea kuelekeana, na nilimwona vizuri jinsi alivyochoka, sweta limefumuka shingoni.

"Mzee," nikamuuliza tulipokutana, "kwa nini uliniita?"

Alishikilia pembe zake. Niliisubiri sababu. Angesema Mungu alimwonya, ningenyamaza. Angesema kanisa lilikosea miaka yote, ningemheshimu. Angesema tu kwamba aliona naondoka vibaya, sijui ningefanya nini, labda ningekaa chini palepale na kulia, maana sikuwa nimelia.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nilichoka. Nimewakatalia wengi. Jana nilitaka tu yaishe."

Akanikabidhi pembe zake, akainama kuokota mkunjo.

Tangu hapo nimelihesabu jambo hili zaidi ya mara mbili. Huenda ile ilikuwa huruma. Huenda huruma huja hivyo, kwa mzee aliyechoka, bila sababu, na inaongeza joho juu. Marehemu angeitambua, alikuwa na jicho nalo, aliiona kwenye mgongo wa dereva. Mimi nimeishi kwa bei, na nikiona kitu kimeshuka, najua kushuka tu. Sijui kutofautisha. Na yule ambaye angenieleza ndiye tuliyemfukia. Usiku mwingine nafikiri yuko benchi la nyuma huko aliko, na kunasikika vilevile. Mara nyingi zaidi nafikiri hakuna kitu, ni turubai lililoachiwa upande mmoja, na anayevuta anadhani ni mchezo.

Nilirudi kibandani. Nauza, kidogo. Wateja wanakasirika, wanaondoka, wanaenda zao. Nimejaribu kuita. Sauti yangu ikiita, mtu anaongeza mwendo.

Mama wa kamba ndiye anayenisaidia kukunjua asubuhi, kabla hajapanga bidhaa zake. Anaweka chupa yake ya chai chini, anashika pembe mbili. Siku ya kwanza tulishika, turubai likiwa kati yetu, nami nikasimama. Nilisimama muda ule ule aliokuwa anautumia yeye, macho wazi, malori yananguruma.

"Tunasubiri nini, baba?" akauliza mama wa kamba.

"Amina," nikasema.

Akanishangaa. "Kumbe ulikuwa unaomba?"

"Hapana."

Tukavuta.